Kwa nini mzee asipewe dopamini yenyewe?

SWALI: Shikamoo mfamasia. Baba yangu ana ugonjwa wa Parkinson. Tuliambiwa ubongo wake umepungukiwa dopamini, kemikali inayousaidia kuongoza mwili kusogea, lakini dawa aliyoandikiwa ni levodopa na kabidopa. Mbona hawampi dopamini yenyewe? Tena jirani anasema upupu una dawa hiyohiyo. Na kidonge cha mchana siku hizi hakimshiki. – Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba. Dopamini ukimpa itazunguka mwili mzima, ubongoni isiingie. Mishipa ya damu ya ubongo imeshonwa kwa kubana sana, na dawa nyingi zinazotengenezwa maabara hukwama hapohapo.

Levodopa inapita kwa sababu ni ndugu wa protini za chakula, na hao wana mlango wao. Ikishaingia, kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwili chenyewe, huigeuza dopamini. Mwaka 1957 mtafiti Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa iliyowalegeza wakashindwa kusogea. Alipowachoma levodopa, wakainuka. Mwaka 1961, kule Vienna, Austria, watafiti Birkmayer na Hornykiewicz wakawachoma wagonjwa wa Parkinson levodopa, na waliokuwa hawawezi hata kuketi wakatembea.

Ila sehemu kubwa ya levodopa ilikuwa inageuka dopamini njiani, mgonjwa anabaki kutapika. Hapo ndipo ilipokuja kabidopa, na mimi nikiulizwa ufundi wa wakemia nautaja huo kwanza. Inakizuia kile kimeng'enya huku nje, lakini yenyewe ubongoni haipenyi, kwa hiyo kule ndani kazi inaendelea kama kawaida. Ukuta uliowasumbua wakautumia. Tazama boksi la baba: kama limeandikwa 25/250, 25 ni miligramu za kabidopa.

Jirani hajakosea, mbegu za upupu zina levodopa kweli. Lakini mbegu hii na ile hazilingani, wala hazina kabidopa. Usimchemshie kwa siri juu ya vidonge. Dozi ikizidi ataanza kujinyonganyonga au kuona watu wasiokuwepo.

Sasa kidonge cha mchana. Anakimeza na nini? Nilikuwa na mteja, fundi cherehani. Asubuhi, kwa chai ya rangi, anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Mchana kifungo cha shati lake kinamshinda, mkewe ndiye anamfungia. Kumbe kidonge alikuwa anakishushia na ugali maharage. Protini ya maharage na levodopa vinagombania mlango uleule, kwenye utumbo na kwenye ubongo, na sahani nzima ya maharage haiwezi kushindwa na kidonge kimoja. Tukakisogeza nusu saa kabla ya kula, maharage yakahamia usiku.

Jaribu hivyo wiki moja, uandike saa ya kidonge, saa ya chakula na saa anayoanza kukaza, umpelekee daktari wake hiyo karatasi. Dawa asiiache ghafla hata siku moja, hata kama mchana inaonekana haifanyi kitu.