Dokta, weka hiyo parasetamoli chini kwanza

Mkuu, umeuliza mambo manne: urudi kazini lini, zamu za usiku uendelee nazo au uziache, wenzako uwaambie nini, na kuumwa saratani kunamfundisha nini daktari kuhusu kuwahudumia wagonjwa. Maswali mazuri. Halafu katikati ukachomeka, kama mtu anayepita tu: siku ya 10 baada ya kemo, jana usiku joto nyuzi 38.1, "nikameza parasetamoli likashuka, na siprofloksasini (antibayotiki ya vidonge) ninayo ndani kama litarudi."

Siku ya 10! Mgonjwa wako angekuja na maelezo hayo ungemfokea mpaka wodi ya pili wasikie.

Acha nikueleze unachokijua tayari, maana kukijua hakujakusaidia. Dawa nyingi za kemo hushusha nyutrofili, chembe nyeupe za damu zinazopigana na bakteria, hadi chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Zikishuka chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, homa ni dharura. Kizingiti ni nyuzi 38.3 ukipima mara moja tu, au 38.0 inayodumu saa nzima. Mgonjwa akishafika hospitali, antibayotiki iingie mshipani ndani ya dakika 60. Hasubiriwi majibu ya damu wala picha ya kifua.

Sasa tazama ulichofanya. Parasetamoli haikugusa maambukizi, imezima kengele tu. Deksamethasoni wanayokupa kuzuia kutapika nayo hufunika homa, kwa hiyo hiyo 38.1 huenda ni ile iliyofanikiwa kupenya. Unasema huna dalili nyingine. Utazitoa wapi? Usaha ni nyutrofili. Wekundu, uvimbe, kivuli kwenye picha ya kifua, seli za usaha kwenye mkojo, vyote vinaletwa na askari ambao kwa sasa huna. Mapafu yanaweza kusikika safi na picha ikatoka safi, na nimonia ipo. Mara nyingi dalili ni homa peke yake, na hiyo moja uliyobakiwa nayo umeiteremsha kwa glasi ya maji.

Siprofloksasini ndiyo iliyonifanya niandike. Ukiimeza kabla damu haijachukuliwa kwenda kuoteshwa ili bakteria waonekane, maabara inaweza isioteshe kitu, na wanaokutibu watabaki wanabahatisha. Tena ikiwa peke yake ni dhaifu kwa bakteria wa mdomoni waitwao streptokokasi, na umeandika mwenyewe kwamba mdomo una vidonda. Najua utakachonijibu: wapo wagonjwa wa hatari ndogo, wenye alama 21 kwenda juu kwenye MASCC, fomu ya kupima hatari ya homa ya namna hii, wanaotibiwa kwa vidonge. Kweli wapo. Hao wanapewa siprofloksasini pamoja na antibayotiki nyingine, amoksisilini-klavulaneti, baada ya mtu mwingine kuwapima, kuchukua damu, kuwaangalia saa kadhaa na kuhakikisha wanaweza kurudi upesi wakizidiwa. Fomu ile haijazwi na mgonjwa mwenyewe chini ya blanketi. Ina kipengele cha mgonjwa ameelemewa kiasi gani: dalili ndogo alama 5, za wastani alama 3. Sijaona daktari anayejipa 3.

Na wewe si wa kulaumiwa peke yako. Aliyekuanzishia kemo alikwambia "wewe ni dokta bwana, nikueleze nini," si ndiyo? Wanasema hivyo hivyo, na tabasamu juu. Nimevaa koti jeupe na nimevaa gauni la wodi, na sentensi hiyo niliambiwa pia, nikaona fahari kabisa. Ile si heshima hata kidogo, ni uvivu uliofunga tai. Kila mgonjwa anapewa karatasi ya maelekezo, anasomewa, anaulizwa kama ameelewa. Daktari anarukwa. Anatoka pale akiwa mtu pekee asiye na namba ya simu ya usiku, halafu saa nane ya usiku anaona aibu kumwamsha mwenzake asije akaonekana mwoga. Anapima: 37.9. Anapima tena: 38.1. Mara ya tatu 37.8, anashukuru Mungu na kulala na hiyo ya tatu.

Kanuni ninayo moja tu: kipimajoto, simu, kisha ndiyo kidonge, na anayeamua kidonge si wewe.

Pima kwa kipimajoto cha kidijiti chini ya ulimi, baada ya kupita dakika 15 hadi 30 tangu unywe kitu cha moto au baridi. Vidonda vikikuzuia, pima kwapani, ukikumbuka kwamba kwapa husoma chini zaidi. Njia ya haja kubwa usiiguse, si kwa kipimajoto wala kwa dawa za kuingiza huko. Mchubuko mdogo tu unawapa bakteria mlango. Ukitetemeka kwa baridi bila homa, piga simu vilevile. Na ukianza kutetemeka muda mfupi baada ya mpira wa mshipa mkubwa (ule wa kupitishia dawa) kusukumiwa maji ya chumvi, shuku mpira wenyewe. Damu ichukuliwe kwenye mpira na kwenye mshipa wa mkono kwa wakati mmoja. Ile ya kwenye mpira ikiota saa 2 au zaidi kabla ya ile ya mkononi, mwenye kosa ameshajulikana.

Hilo swali lako la kuhudumia wagonjwa limo humo humo. Miaka yote tunawaambia "ukijisikia vibaya, uje." Mtu aliye kwenye kemo anajisikia vibaya kila siku, sasa aje lini? "Ukipata homa kali." Kali ni ngapi? Mmoja anaelewa 39, mwingine anasubiri aweweseke. Mtajie 38.0, mwandikie, kisha mwambie akurudishie kwa maneno yake. Mpe namba inayoita usiku, na kabla hujampa ipige wewe mwenyewe usiku mmoja uone nani anapokea (utashangaa). Anayeanza na "samahani kwa usumbufu" alishakaa saa mbili akijadiliana na nafsi yake kabla ya kubonyeza. Mwambie mapema, kwa mdomo wako, kwamba asipopiga ndiyo atakusumbua.

Na mpe kadi ya kuonyesha mapokezi: majina ya dawa za kemo, tarehe ya dozi ya mwisho, simu ya kliniki, na sentensi moja kwamba akiwa na homa apewe antibayotiki ndani ya saa moja. Bila kadi, mtu aliyeingia kwa miguu yake na anaongea vizuri atakalishwa kwenye foleni nyuma ya kifundo kilichoteguka, na saa ile moja itaishia kwenye benchi.

Zamu za usiku, kati ya siku ya 7 na ya 14 sahau. Zilizobaki atakwambia anayekutibu, kwa hesabu ya damu yako. Lile la wenzako uwaambie nini nimelisahau nikiwa nimekasirika.

Sasa hivi joto ni ngapi? Usinijibu hapa. Mpigie anayekutibu umtajie saa uliyomeza parasetamoli, miligramu ngapi, na kama siprofloksasini umeianza au bado. Asipopokea, nenda dharura. Na mapokezi wakikuuliza kazi yako, sema fundi bomba.