Kwa wanaoanzisha kikundi cha mjadala wa uhuru Kampala: msikusanye hasira

Wadogo zangu, kila muhula ukifunguliwa Makerere tangazo ni lile lile: umechoka na kodi, umechoka na serikali, njoo tujadili uhuru, yaani haki ya mtu kujiamulia maisha na mali yake bila kubanwa na serikali. Chumba kinajaa, soda zinaisha, na kabla ya mitihani kikundi kimekufa. Nimewaambia ana kwa ana, nimewaambia kwa simu. Sasa naandika, kwa sababu nawapenda na kwa sababu nimechoka kuhudhuria mazishi ya vikundi.

1. Mwenye hasira si lazima awe mpenda uhuru.

Kampala nzima iliichukia ile shilingi 200 kwa siku tuliyoanza kutozwa Julai 2018 ili kufungua Facebook na WhatsApp. Wachuuzi walioondolewa barabarani Januari 2022 walikuwa na hasira, na wenye maduka waliofunga milango Aprili 2024 kwa ajili ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, walikuwa na hasira pia, na wote walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini wapo wenye maduka waliofurahi wachuuzi walipoondolewa mlangoni pao. Anayetaka serikali imwache yeye na imbane jirani yake hamjakubaliana naye jambo lolote, hata akilaani kodi kwa sauti kubwa kuliko ninyi.

Sisi tulilijua hili tukiwa tumeshachelewa. Kikundi chetu cha kwanza kilikutana Old Kampala, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Tulizungumza Kiswahili kwa kuwa tulikuwa mchanganyiko: watu wa Busia, watu wa Arua, Wakongo, vijana wa Kenya waliokuja kusoma. Tulimwalika kila aliyelalamika. Katika waliokuja alikuwepo mzee mmoja mwenye asili ya Kihindi, mfanyabiashara, na hapakuwa na aliyesoma kama yeye. Alikuwa amemsoma Hayek, mchumi mtetezi wa soko huria, amemsoma na Marx, baba wa ukomunisti, na vitabu vyake vilijaa maandishi ya penseli pembeni. Akikuuliza swali fupi, wiki nzima unarudi kusoma.

Jioni moja mada ilikuwa umiliki wa mali. Kijana mmoja mgeni, msemaji hodari, ambaye tulimpenda kwa jinsi alivyowasema watoza kodi, akasimama. Akasema kosa la Amin mwaka 1972 lilikuwa ukatili tu. Kuwanyang'anya Wahindi maduka lilikuwa jambo zuri, na sasa zamu ni ya Wachina. Watu wakapiga makofi. Ni watu wale wale waliokuwa wameshinda saa nzima wakikubaliana kwamba mali ya mtu haiguswi bila ridhaa yake. Sisi tulioongoza tukatazamana, tukanyamaza. Tuliogopa kuwapoteza watu, maana viti vilikuwa vimejaa na tulikuwa tunajivunia.

Mzee alisubiri. Alitupa nafasi ya kusema, naamini hivyo mpaka leo. Kisha akafunga daftari, akaaga kwa adabu, akashuka ngazi. Familia yake ilikuwa miongoni mwa waliopewa siku 90 waondoke nchini, na nyumba yao ilirudi mikononi mwao miaka ya tisini, chini ya ile sheria ya 1982 ya mali zilizotwaliwa. Hayo yote tulikuwa tunayajua. Tulimfuata dukani, akatupa chai, akazungumza nasi habari za mvua na za watoto. Habari za kikundi hakuzigusa, na hakurudi tena. Waliopiga makofi nao walipotea uchaguzi ulipokaribia, kila mmoja nyuma ya mgombea wake.

Namna ya kumpata mwingine kama mzee yule bado hatujaijua.

2. Ulizeni maswali magumu kabla ya kualika.

Kunyweni chai na mtu kwanza. Mwulizeni kuhusu 1972. Mwulizeni kuhusu tamko la Rais Obote pale uwanja wa Nakivubo mwaka 1970, serikali ilipotaka asilimia 60 ya hisa za makampuni makubwa. Mwulizeni kama mkulima wa kahawa wa Bugisu alikuwa na haki ya kumuuzia amtakaye wakati ambapo sheria ilimpangia wa kumuuzia. Msisikilize jibu sahihi. Sikilizeni kama anafikiri. Akisema, "Zamani niliamini hivi, nikasoma, nikabadilika," mpeni anwani hapo hapo.

3. Msiogope msomi anayewapinga.

Mwaka 1970 Ali Mazrui na Walter Rodney walibishana hadharani Makerere, na wazee waliokuwepo bado wanasimulia. Mazrui mliberali, Rodney Mmarx, na kila mmoja alizijua hoja za mwenzake. Kikundi chetu cha sasa kina mama mmoja anayelitetea Azimio la Arusha kifungu kwa kifungu. Tangu aje, hakuna anayethubutu kufika bila kusoma. Nikilazimika kuchagua kati yake na vijana kumi wanaotikisa kichwa kwa kila ninachosema, namchagua yeye.

4. Msirudishe nauli.

Mnajua tulivyozoeshwa na warsha za hotelini: unasaini, unakula, unapewa posho, unaondoka na fulana. Mkifanya hivyo mtapata wataalamu wa kuhudhuria. Wasomaji wako kwingine. Wako kwa wauza vitabu vya mitumba, kwa mawakili wa kesi za ardhi, kwa wahasibu wa SACCO, vile vyama vya kuweka na kukopa, kwa wazee walioishi na magendo miaka ya sabini na wanaokumbuka sukari ilivyopotea dukani bei ilipopangwa na serikali. Wako mpakani pia. Tulimpata wakala wa forodha wa Malaba, mtu anayejua kila muhuri unakula muda gani na fedha gani. Tukampa ile makala ya Hayek ya 1945 kuhusu maarifa yaliyotawanyika kwa watu wengi, ambayo hakuna ofisi moja inayoweza kuyakusanya yote. Wanafunzi wetu wa uchumi walikuwa wanaizungukazunguka. Yeye alirudi akasema, "Huyu mzee ameandika kazi yangu," kisha akatueleza jinsi bei ya nyanya Busia inavyobadilika kabla redio haijasema kuna ukame. Tulisahau hata kwenda nyumbani.

5. Jueni haki zenu.

Kifungu cha 29 cha Katiba ya Uganda kinalinda kukusanyika, na Machi 2020 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 8 cha sheria ya mikutano ya 2013, kile kilichowapa polisi uwezo wa kuzuia mikutano. Hata hivyo mwambieni mwenye nyumba mnachofanya.

6. Idadi iwe ndogo, na kusoma kuwe sharti.

Anzeni na kijitabu cha Bastiat, mwandishi Mfaransa mtetezi wa soko huria, cha 1850 kuhusu sheria. Kinaisha jioni moja. Atakayefika hajakisoma akaribishwe, apewe kiti, amimine chai, asikilize. Zamu yake ya kusema ni wiki ijayo.