Hali isiyopimwa moja kwa moja: majibu kwa wasomaji wa Arusha na Moshi

Shikamoo mwalimu. Mfumo wangu si wa mstari, yaani matokeo yake hayalingani sawia na kinachouingia. Nimeukadiria kuwa wa mstari, nikapiga hesabu ya ranki ya Kalman (inayoonyesha kama hali ya ndani inaweza kujulikana kutokana na vipimo vya nje), imegoma. Basi hali iliyojificha haijulikani tena? (Mwanafunzi wa uhandisi, Njiro)

Marahaba. Usikate tamaa mapema. Kipimo alichokitoa Rudolf Kalman mwaka 1960 ni cha mifumo ya mstari, ambako ingizo (u, yaani amri unayoupa mfumo) halina neno: hali ikionekana, inaonekana vyovyote utakavyouendesha mfumo. Kwako mambo ni tofauti. Chukua x₁′ = u·x₂ na x₂′ = 0 (alama ′ ni kasi ya kubadilika), huku ukipima x₁ peke yake. Ukiweka u = 0, x₂ hutaijua hata upime mwaka mzima. Weka u = 1, na kasi ya kubadilika kwa x₁ ndiyo x₂ yenyewe. Ukikadiria kwenye u = 0, habari hiyo unaitupa kabla hujaanza.

Wanahisabati Robert Hermann na Arthur Krener walitoa njia ya mifumo isiyo ya mstari mwaka 1977. Unakokotoa derivativi za Lie za kipimo, yaani namna kile unachopima kinavyobadilika mfumo unapoendeshwa kwa maingizo mbalimbali, kisha unakagua ranki ya gradienti zake, yaani idadi ya mielekeo huru inayoonekana. Ikijaa, yaani ikilingana na idadi ya hali, hali zilizo jirani zinatofautishika. Jirani tu, lakini: ukipima x² ya kitu kisichobadilika, 2 na −2 hutazitenganisha kamwe.

Mwalimu, pikipiki yangu ya umeme haina kihisi cha mkao wa rota (sehemu ya mota inayozunguka). Ikishika mwendo iko vizuri, ila kuondoka na abiria kwenye mlima wa Kibosho inatetemeka. Ninunue kontrola (kifaa kinachoiendesha mota) mpya? (Dereva, Moshi)

Subiri kwanza, hiyo ni hela nyingi. Kontrola nyingi za namna hiyo hukisia mkao wa rota kutokana na umeme ambao mota yenyewe huuzalisha ikizunguka. Rota ikisimama, umeme huo ni sifuri, na mkao hauonekani tena kwenye vipimo. Kontrola nyingine inayotegemea umeme huohuo itakwama palepale. Kuna zinazopenyeza mawimbi madogo ya masafa ya juu na kuujua mkao hata mota imesimama, lakini rota lazima iwe ya aina inayobadilisha induktansi (namna koili zinavyopinga mabadiliko ya mkondo) kadiri inavyogeuka. Muulize fundi kama vihisi vya Hall (vinavyohisi sumaku za rota) vinafungika kwenye mota yako. Kwa mlima na abiria, mimi ningeanzia hapo.

Betri yangu ya lithiamu-chuma-fosfati inasoma asilimia 60, mara inaruka hadi 20. Ni mbovu? (Fundi sola, Ngaramtoni)

Si lazima. Katikati ya chaji, volti za seli hukaa karibu 3.3 bila kusogea sana, hivyo hazisemi kiasi kilichobaki. Kifaa kinachoonyesha asilimia kinahesabu ampea zinazoingia na kutoka, na makosa madogo yanajikusanya. Iache ijae kabisa mara kwa mara. Karibu na kujaa volti hupanda wazi, na hesabu inajirekebisha.

Droni yangu ina kamera moja, inakwenda moja kwa moja kwenye mti. Kichujio cha Kalman kilichopanuliwa (programu inayokisia hali kutokana na vipimo) kinanipa umbali wa ajabu. (Mwanafunzi, Moshi)

Kichujio hutoa namba hata pasipo na habari. Kamera inakupa uelekeo, na ukienda moja kwa moja uelekeo wa mti haubadiliki. Irushe kwa ubavu, kwa kasi unayoijua, ili uelekeo ubadilike na umbali ujulikane.