Kalamu Ikikwama: Mashine Isaidie Mpaka Wapi?

Barua za mwezi huu zinazunguka jambo moja: mwandishi aliyekwama, na akili mnemba (wengine huiita akili unde) iliyo tayari kumwandikia. Tumechagua nne.

Riwaya yangu imekwama sura ya saba, mwezi wa pili sasa. Mhusika amerudi nyumbani usiku baada ya miaka sita, yuko mlangoni, na sijui afanye nini. Nikiiomba akili mnemba inikwamue, nitakuwa nimewadanganya wasomaji?

Inategemea unaiomba nini. Kuomba uulizwe ni jambo moja, kuomba uandikiwe ni jingine kabisa.

Mwandishi hukwama ama kwa sababu kuna jambo hajaliamua, ama ameliamua ila anaogopa kuliandika, ama amechoka tu. Mashine inafaa kwa hilo la kwanza. La pili italifunika kwa maneno mazuri, na la tatu dawa yake ni usingizi.

Tuuchukue huo mlango wako. Ukiandika “endeleza hadithi hii”, utarudishiwa kitu cha namna hii: “Moyo ulimdunda kwa kasi. Alivuta pumzi ndefu, kumbukumbu zikamjia kama mawimbi. Kwa mkono uliotetemeka, aligonga.” Sarufi haina kasoro. Lakini programu hizi hutunga kwa kufuata mkondo wa maneno unaotarajiwa zaidi, kwa hiyo mlango wa kila mtu hugongwa kwa mkono ule ule unaotetemeka. Jaribio la Anil Doshi na Oliver Hauser, lililochapishwa katika jarida la Science Advances mwaka 2024, lilionyesha jambo hili vizuri: hadithi za watu waliopewa mawazo na akili mnemba ziliwapendeza zaidi wasomaji, ila zilifanana zaidi zenyewe kwa zenyewe. Kwa sisi tunaoandika Kiswahili kuna la ziada. Mashine imelishwa Kiingereza kingi mno kuliko Kiswahili, ndiyo maana hukuletea “mwisho wa siku” pale ulipotaka “hatimaye”.

Sasa jaribu agizo hili: “Usiandike sentensi yoyote ya hadithi. Soma aya hizi, kisha niulize maswali manane kuhusu mambo ambayo sijayaamua. Uliza moja, ungoje nijibu.” Bandika maneno 300 hadi 500 ya mwisho tu, si sura nzima. Utaulizwa nani yuko ndani, kama mhusika bado ana ufunguo, na kwa nini amekuja usiku. Hilo la usiku likikuacha mdomo wazi, basi hukukwama mlangoni. Ulikwama sura ya tano, ulipomsafirisha bila sababu. Mara nyingi ndivyo ilivyo: palipoharibika ni nyuma ya pale kalamu iliposimama.

Jipe dakika 15, majibu uyaandike kwa mkono, kisha funga programu kabla hujarudi kwenye mswada. Usipoifunga utanakili, hata kama hukukusudia. Ujue pia kwamba baada ya maswali machache mashine huweza kuanza kukusifu na kujitolea kuandika aya “kama mfano”. Ikatalie, urudie agizo lako.

Ukitaka orodha, omba orodha ya kukwepa: “Nitajie njia kumi za kawaida kabisa ambazo tukio hili lingeweza kuendelea.” Halafu zipige mstari zote.

Aya mbili za mashine nilizipenda, nikaziingiza, kisha nikazihariri sana. Bado nalazimika kusema?

Kwa mchapishaji anayeuliza, ndiyo. Watu hudhani kuhariri hufuta asili. Amazon, katika huduma yake ya kujichapishia vitabu ya KDP, tangu Septemba 2023 humtaka mwandishi atamke kama maandishi yametungwa na akili mnemba, hata akiyahariri sana baadaye. Aliyeandika mwenyewe na kuitumia kutafuta mawazo au kusahihisha halazimiki. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani nayo ilitoa mwongozo Machi 2023: anayesajili kazi ataje sehemu zilizotungwa na mashine zikiwa si za kupuuzwa, na hakimiliki haizigusi sehemu hizo. Kinacholindwa ni ulichokitia wewe.

Majarida mengine ni makali zaidi. Clarkesworld, la hadithi za kisayansi, lilifunga kwa muda mlango wa kupokea kazi Februari 2023 baada ya kufurikiwa na hadithi za mashine, na masharti yake yanakataa hata kazi iliyosaidiwa. Soma masharti kabla ya kutuma, si baada ya kukubaliwa.

Rahisi kuliko yote ni kuzifuta aya hizo, kukaa siku mbili, na kuandika upya bila kuzitazama. Kisha zilinganishe. Kama mpangilio wa mambo ni ule ule, hoja kwa hoja, bado ni za mashine. Umezivika nguo nyingine tu. Ukiamua zibaki, sentensi moja inatosha: “Aya mbili za sura ya saba zilianzia kwenye maandishi ya akili mnemba na zimehaririwa na mwandishi.” Usiandike “kazi hii imesaidiwa na teknolojia”. Hapo hujasema kitu.

Mhariri amenirudishia insha, anasema kigunduzi cha maandishi ya akili mnemba kimeonyesha asilimia 80 ni ya mashine. Sikutumia chochote.

Asilimia hiyo si ushahidi. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, walitoa kigunduzi chao Januari 2023. Kwa maelezo yao wenyewe kilinasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kikawasingizia binadamu kwa asilimia 9 ya maandishi yao. Julai mwaka huo huo wakakiondoa. Vigunduzi vingi hupima jinsi maneno yanavyotabirika, kwa hiyo mwandishi wa sentensi fupi zilizonyooka huangukiwa na tuhuma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2023 walikuta vigunduzi saba, kwa wastani, vikiziita za mashine zaidi ya nusu ya insha za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza.

Usibishane kuhusu namba. Mpelekee historia ya matoleo ya faili, kurasa za daftari, na ujitolee kueleza kwa mdomo kwa nini aya fulani imekaa pale ilipokaa. Kuanzia leo hifadhi kila rasimu kwa tarehe badala ya kuandika juu ya ile ya jana. Anayeitumia akili mnemba kihalali naye ahifadhi mazungumzo yake yote. Ndiyo ushahidi kwamba aliomba maswali.

Mashine hizi zilifunzwa kwa vitabu vya watu bila kuwaomba. Kuitumia si kushiriki?

Hoja yako ina uzito. Septemba 2023 chama cha waandishi cha Marekani, Authors Guild, pamoja na waandishi kadhaa, waliishtaki OpenAI kwa jambo hilo hilo. Kukataa kuitumia kabisa ni msimamo wa heshima, na hakuna anayeukosa uandishi kwa kukataa. Anayeitumia akae mbali na mambo mawili: kuiagiza iige mtindo wa mwandishi aliye hai, na kuipakia mswada wa mwenzake bila ruhusa, hata kwa nia ya kumsaidia kuhariri.

Mswada wako mwenyewe, tazama kwanza mipangilio ya faragha. Programu nyingi zina kitufe kinachoruhusu mazungumzo yatumike kuifunza mashine, na mara nyingi huja kikiwa kimewashwa. Kizime kabla ya kubandika aya ya kwanza, kwa kuwa ukikizima baadaye hakirudishi kilichokwisha kuchukuliwa.