Sikununua, ila ninayo mfukoni

Swali la wiki hii mmeuliza kitu gani cha kumbukumbu ulinunua safarini ukaja kujuta. Mi ngoja nijibu kuhusu kile nilichokataa kununua, maana ndo kinachonisumbua mpaka leo.

Msimamo wangu kwanza: vikombe, fulana, sumaku za friji, vyote takataka, hela ya unga hiyo.

Sasa dada yangu anaishi St. Louis, Missouri. Nilivyoenda kumtembelea akanituma nimpeleke mpwa wangu Gateway Arch, lile tao la chuma la mita 192 pale mtoni Mississippi, mnapanda kwa vibehewa vya watu watano watano, magoti yanagongana dakika 4 nzima. Chini yake ardhini kuna makumbusho ya walowezi waliohamia magharibi na wenyeji walionyang'anywa ardhi, waliyafungua upya 2018, halafu mbele yake ipo mahakama ya zamani ambako mtumwa Dred Scott alianza kudai uhuru wake. Nilijiandaa kumsomesha dogo yote hayo.

Dogo ana miaka 8, kaona mashine moja tu. Unatumbukiza kota mbili, zile sarafu za senti 25, na senti moja, unazungusha mpini, senti inatoka imelala ndefu kama jani la mwarobaini, ina picha ya tao. Yaani unalipa senti 51 upate senti moja ambayo hainunui tena hata pipi! Nikakataa. "Anko, please." Nikakataa tena, na nikamwambia ni hela ya kuchezea, kumbe moyoni nilikuwa niko Tanga. Sie wa Tanga tulikuwa tunatega vizibo vya soda relini, treni ikipita vinakuwa bapa, unatoboa matundu mawili unapitisha uzi, kinazunguka vuuu. Siku moja nikatega shilingi, zile za zamani zenye mwenge upande mmoja na sura ya Mwalimu upande wa pili, na marehemu mama akaikuta kwenye kaptula yangu wakati wa kufua. Nilichapwa! Na wala hakuongelea shilingi yenyewe, alikuwa anarudia tu, "Umemlaza Mwalimu relini? Mwalimu?"

Kwa hiyo nimesimama pale naona Lincoln, rais wao wa zamani mwenye sura kwenye senti, anaenda kuminywa na ile mashine, makalio yanawasha.

Mzee mmoja wa Kimarekani nyuma yetu kwenye foleni akacheka, akasema sheria yao inakataza kuharibu sarafu kwa nia ya kumtapeli mtu, hii ya kumbukumbu haina shida. Halafu akaiangalia senti ya dogo akatikisa kichwa. Tafuta ya kabla ya 1982, anasema, hizo ni shaba, za siku hizi ndani ni zinki, zikiminywa zinatoka na michirizi ya kijivu. Akapekua mfuko wake mwenyewe akatoa ya 1974, na kota mbili juu. Mi nimesimama na waleti yangu! Mpini mgumu, dogo akashindwa, nikaweka mkono wangu juu ya wake, na kusema ukweli nilizungusha mimi karibu yote. Ukiigeuza ile senti, kwa nyuma kidevu cha Lincoln bado kinaonekana kwa mbali.

Airport dogo akanipa. "Chukua Anko, mi ntaminya nyingine." Ipo kwenye waleti nyuma ya kitambulisho cha NIDA.

Sasa Novemba 2025 Marekani wameacha kutengeneza senti za matumizi ya kawaida, moja ilikuwa inawagharimu karibu senti 4. Dogo kanipigia usiku wa manane, kasahau masaa, anauliza mashine itakula nini. Nikamwambia zilizopo ni nyingi mno, haziishi leo wala kesho.

Kwa hiyo kujuta, ndiyo, najuta zile kota mbili hazikutoka kwangu. Vikombe bado msinunue, hapo sijabadilika, na wala sisemi hii ni biashara maana haiuziki popote. Ila dada ana kopo la senti juu ya friji alitaka kulipeleka benki, nimemwambia asiliguse mpaka nije nizichambue miaka.