Mbona fedha inakakamaa nikiifua?

SWALI: Salam aleikum. Mimi najifunza usonara kwa ami yangu hapa Langoni, Lamu. Juzi nilikuwa nafua waya mnene wa fedha nipate bangili, mwanzo ukawa laini kabisa, nikazidi kugonga ukakakamaa mpaka ukapasuka ubavuni. Ami akasema ningeutia motoni mapema. Sasa moto unafanya nini hasa, na mbona chumvi ya mawe ukiigonga mara moja tu inavunjika lakini fedha inakubali kulala? Mwanagenzi, Lamu

JIBU: Waaleikum salam mwanangu, pole kwa hiyo bangili, kazi ya asubuhi nzima kwenda na ufa mmoja inauma.

Tuanze na chumvi. Atomi zake zina chaji ya umeme na zimepangwa kwa zamu, yenye chaji chanya jirani yake hasi, chanya hasi chanya hasi mpaka mwisho, sasa safu moja ikisogea hatua moja tu kwa lile pigo, chanya inakutana na chanya, zinasukumana na jiwe linapasuka hapo hapo. Fedha sio hivyo. Kila atomi inatoa elektroni yake moja ya nje, na hizo elektroni hazina mwenyewe tena, zinazurura kipande chote na ndo zinazozishika atomi pamoja. Huo ndio muungano wa kimetali. Safu ikisogea, elektroni bado zipo, bado zinashika, kwa hivyo fedha inalala.

Lakini utamu wenyewe uko hapa. Safu haziendi zote kwa mpigo. Umewahi kusogeza busati zito peke yako? Ukilivuta lote halikubali, ila ukilitia kunjo upande mmoja ukalisukuma lile kunjo mpaka upande wa pili, busati limesogea na hujachoka. Ndani ya fedha mna makunjo kama hayo, vikasoro vya mpangilio, na kila pigo la nyundo linayatembeza. Taabu ni kuwa nyundo hiyo hiyo inayazaa mengine, yanajaa, yanatatana kama mshipi wa kuvulia uliotupwa ovyo ndani ya mashua, hakuna linalopita. Hapo utasikia nyundo inaruka na sauti imebadilika. Acha kugonga! Ukishikilia, fedha haina pa kwenda ila kupasuka.

Moto hauendi kuiyeyusha, maana fedha safi inayeyuka kwenye nyuzi 962 hivi na wewe unataka 600 na kidogo tu, wekundu hafifu, na kwenye jua huuoni kwa hivyo fanyia kivulini. Joto hilo linazitikisa atomi mpaka zinajipanga upya, chembe mpya, yaani vijikundi vya atomi zilizopangika sawasawa, visivyo na mtatano, zinaota mahali pa zile za zamani, na fedha inarudi laini. Ukiitia maji baadaye haidhuriki. Ila usifanye hivyo kwa patasi ya ami, chuma cha pua kikiwa chekundu ukakitia maji ghafla kinazidi kuwa kigumu na chepesi kuvunjika, kwa sababu kaboni iliyomo inanaswa ndani.

Na kama fedha yako ni ile ya 925, yaani sehemu 75 katika 1000 ni kitu kingine, kwa kawaida shaba, hiyo ni ngumu tangu mwanzo, atomi za shaba ni ndogo kuliko za fedha, safu zinakuwa na vibonde na makunjo yanakwama. Ikitoka motoni na weusi juu ni shaba iliyoshikana na hewa, maji ya ndimu ya moto yanautoa.

SWALI: Mbona kijiko cha chai kinashika moto mpaka mkononi na mwiko haushiki? Msomaji, Malindi

JIBU: Ni elektroni zile zile. Kwenye kijiko ziko huru, zinabeba joto kutoka kikombeni mpaka vidoleni, kwenye mti zimefungwa kila moja mahali pake. Fedha ndio inaongoza metali zote kwa kupitisha joto na umeme, shaba inaifuata karibu sana.