Maswali ya Wasomaji: Kihisi cha mafuriko kinachopandisha maji mchana

SWALI: Tumefunga kihisi cha mawimbi ya sauti chini ya daraja la Mto Msimbazi pale Jangwani, mita 4 juu ya maji. Kinatuma vipimo kwa LoRa, redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo, ya 868 MHz. Saa nane mchana kinadai maji yamepanda sentimita 6 au 7, na mto umetulia tuli. Betri nayo, ya lithiamu aina ya 18650 yenye 2600 mAh, haifikishi wiki mbili. Tukosoeni. (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Maji hayajapanda, ni hewa iliyopata joto. Kihisi chenu hupima umbali kwa muda ambao mwangwi huchukua kurudi. Kila nyuzi 1 ya Selsiasi huongeza kasi ya sauti kwa takriban asilimia 0.17. Joto likizidi nyuzi 10 kuliko alfajiri, mwangwi huwahi kurudi na mita 4 zinapungua karibu sentimita 7 kwenye hesabu. Ongezeni kipimajoto ili hesabu ya kasi ya sauti irekebishwe, lakini kikae kivulini nje ya boksi. Kikiwa ndani ya boksi linalopigwa jua kitasoma joto kubwa kuliko la hewa yenyewe, nanyi mtaambiwa maji yameshuka. Kosa hilo ni baya zaidi, maana linachelewesha tahadhari.

Msimbazi hubeba chupa na mifuko mingi, kwa hiyo msiamini kipimo kimoja. Chukueni 9, mvipange kwa ukubwa, mtume cha katikati. Wastani haufai: chupa moja ikipita inauvuruga.

Kuhusu betri, ungeni mita ya kupimia mkondo wa umeme mfululizo nayo wakati bodi (saketi inayoendesha kihisi na redio) imelala. Bodi nyingi za majaribio zina taa na kidhibiti volti ambavyo havilali. Vikila miliampea (mA) 10, betri inaisha kwa siku 11 hivi. Ng'oeni taa, tumieni bodi inayolala chini ya mA 0.05, na kihisi kikatiwe umeme kwa transista kila kikimaliza kupima. Angalieni pia SF, mpangilio wa LoRa ambao ukiwa mkubwa ujumbe hufika mbali zaidi lakini hukaa hewani muda mrefu na kula betri. Ujumbe wa baiti 10 kwa SF12 hukaa hewani karibu sekunde 1.5, kwa SF7 haufiki hata 0.1. Kabla ya kukimbilia SF12, inueni antena itoke kwenye kivuli cha zege la daraja.

Siku za kawaida tumeni kila dakika 15. Kina kikiongezeka sentimita 10 kati ya vipimo viwili, tumeni kila dakika 3. Kipokezi kiwe na betri yake, kwa sababu mvua kubwa ikinyesha umeme wa mtaani ndio wa kwanza kukatika. Kihisi kingine kifungeni juu zaidi mtoni, upande wa Pugu mto unakotoka. Cha Jangwani peke yake kitawaambia maji yakiwa yameshaingia.